Kiwanda Kilichokosa Magogo Katikati ya Miti: Uchambuzi wa Kisa Kimoja cha Nyanda za Juu Kusini

Majina ya kiwanda, vijiji na wahusika yameondolewa, na wilaya haitajwi. Kiasi cha fedha nacho kimeachwa. Hesabu zilizomo ni za vipimo vya miti, na msomaji anaweza kuzirudia mwenyewe kwa kikokotoo cha simu. Nimekiandika kisa hiki kwa ajili ya wenye viwanda vya mbao, maafisa misitu na viongozi wa vyama vya wakulima wa miti. Njia iliyofuatwa mwanzoni mwa kisa hiki bado inafuatwa na wengi, na inaumiza kiwanda na mkulima kwa pamoja.

Usuli

Kiwanda hiki kinapasua mbao za paina katika Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania. Kina msumeno wa mkanda, tanuri la kukaushia mbao, na wateja wa kudumu Dar es Salaam na Dodoma. Ni kiwanda cha kati. Hakina shamba lake la miti kama kampuni kubwa, wala si mashine ya dingdong inayokokotwa kwa trekta hadi shambani na kuhamishwa kesho yake. Tabaka hili la kati ndilo linalobanwa zaidi magogo yanapoadimika, kwa sababu lina mkopo wa mitambo benki na haliwezi kufunga virago na kuwafuata wenye miti.

Kwa miaka mingi kiwanda kiliishi kwa mgawo wa magogo kutoka shamba la miti la serikali. Msomaji wa ukanda ule anaijua Sao Hill iliyoko Mufindi, shamba la miti kubwa kuliko yote nchini, linalosimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS. Sehemu kubwa ya mashamba ya aina hiyo ilipandwa kwa kasi miaka ya 1970 na 1980. Miti iliyopandwa kwa mkupuo hukomaa kwa mkupuo, na ikishavunwa unasubiri kizazi kinachofuata kikue. Kwa desturi ya mashamba ya serikali, paina ya mbao ilikuwa ikivunwa ikifikisha miaka 25 hivi. Wakati huohuo waombaji wa mgawo waliongezeka mwaka hadi mwaka. Kufikia 2016 kiwanda kilikuwa kinapata magogo ya kufanyia kazi siku tatu kwa wiki.

Hali hiyo ilikuwa sehemu ya picha kubwa zaidi. Tathmini ya rasilimali za misitu ya taifa, NAFORMA, iliyotolewa 2015, ilionyesha kuwa Tanzania Bara ilikuwa na hekta milioni 48.1 za misitu, lakini mahitaji ya miti kwa mwaka, kuni na mkaa vikiwemo, yalizidi uvunaji endelevu kwa mita za ujazo milioni 19.5. Shinikizo la upungufu huo halibaki kwenye misitu ya asili peke yake. Linafika pia kwenye lango la kiwanda cha mbao.

Na bado, ukitoka Mafinga kuelekea Makambako na kuendelea Njombe, pande zote mbili za barabara ni miti. Wanavijiji walipanda, walimu walipanda, watumishi wa Dar es Salaam walinunua ardhi vijijini wakapanda. Kuanzia 2014 Programu ya Panda Miti Kibiashara, ya serikali za Tanzania na Finland, iliongeza msukumo huo. Kiwanda kilikosa magogo kikiwa kimezungukwa na paina.

Uamuzi wa kwanza: miche ya bure

Wenye kiwanda walifikiri kama wengi wanavyofikiri: magogo yamepungua, basi tupande. Walianzisha kitalu, wakagawa miche bure katika vijiji vinne, na kila aliyechukua akasaini karatasi kwamba miti yake, ya zamani na hiyo mipya, ikikomaa atakiuzia kiwanda kwanza. Nia ilikuwa njema. Kiwanda kiliamini kinajenga akiba ya miaka 15 ijayo, na mkulima alipokea kitu cha thamani bila kutoa shilingi.

Kasoro zilikuwa mbili, na zilionekana mapema. Karatasi haikusema neno lolote kuhusu bei. Ilisema tu "kwa bei ya soko wakati huo". Halafu mche uliogawiwa leo haukuwa jibu la msumeno unaolala siku mbili kila wiki leo. Mkurugenzi alikuwa na mishahara ya kulipa mwisho wa mwezi, na kitalu hakikuwa na la kumwambia.

Nafasi za kupandia nazo zilileta shida. Ushauri ulikuwa mita 3 kwa 3, yaani miti 1,111 kwa hekta, au 450 hivi kwa ekari. Wakulima wengi walibana hadi mita 2 kwa 2, ambayo ni miti 2,500 kwa hekta, zaidi ya 1,000 kwa ekari. Walikuwa na sababu. Sokoni miti iliuzwa kwa kuhesabiwa, shina moja bei fulani, au shamba zima kwa kukadiriwa kwa macho. Kama unalipwa kwa idadi, unapanda idadi.

Mwaka 2018: wanunuzi wanafika

Februari 2018 Kenya ilisimamisha uvunaji katika misitu ya umma. Katazo lilitangazwa kwa siku 90, likaendelea kuongezwa kwa miaka. Wafanyabiashara wa mbao wa Kenya waligeukia Tanzania, na malori ya kuelekea Namanga na Holili yakawa sehemu ya biashara ya Mafinga. Miaka hiyohiyo viwanda vya vinia, yaani karatasi nyembamba za mbao za kutengenezea plaiwudi, vilikuwa vikiongezeka katika ukanda huo. Mashine ya kumenya vinia haihitaji gogo nene. Inamenya hata gogo jembamba hadi kibaki kiini cha kushika kwa mkono, kwa hiyo mti wa miaka minane, ambao kwa msumeno wa mkanda ni hasara, kwa mmenyaji ni mali.

Wakulima waliuza, wakiwemo waliokuwa na miti ya zamani iliyoingizwa kwenye makubaliano na kiwanda. Madalali walifika na fedha mkononi, wakalipa siku hiyohiyo, wakakata.

Hapo wenye kiwanda waligawanyika. Upande mmoja ulitaka kupeleka karatasi zile kwa afisa mtendaji wa kijiji, na ikibidi mahakamani. Wa pili uliona kwamba kumshtaki mkulima mmoja ni kuwapoteza wote. Wa pili ulishinda, na ndio uamuzi uliookoa kila kilichofuata, ingawa siku ile ulionekana wa kinyonge. Karatasi isiyo na bei isingesimama popote, na hata ingesimama, kiwanda kingebaki na hukumu mkononi bila gogo hata moja.

Kupima kabla ya kulaumu

Badala ya mashtaka, kiwanda kilimtuma afisa misitu wake, mwanamke kijana aliyekulia wilaya ya jirani, azunguke vijiji vile na utepe wa kupimia vipenyo. Hakupewa ujumbe wa kuwapelekea watu. Alitakiwa apime mashamba akiwa na wenyewe, na aulize jambo moja tu: mara ya mwisho uliuza lini, na kwa nini siku ile?

Alirudi na mambo mawili. La kwanza, miti ilikuwepo, mingi mno, ya miaka saba hadi kumi, imebanana, myembamba kwa umri wake, matawi ya kijani yamebaki juu tu. Hakuna aliyekuwa amepunguza miti shambani, yaani kutoa baadhi ili inayobaki inenepe, kwa kuwa hakuna aliyenunua miti midogo inayotolewa wakati wa kupunguza.

La pili lilihusu tarehe. Watu wengi waliuza kati ya mwisho wa Desemba na Februari. Mama mmoja mjane alimweleza, "Mwanangu, Januari mtoto anatakiwa shuleni na sare, godoro na madaftari. Nina nini kingine cha kuuza?" Na Januari katika nyanda zile ni katikati ya msimu mrefu wa mvua, wa Novemba hadi Mei. Barabara za vijijini zimelainika, lori linaweza kukwama siku nzima, na mnunuzi anaikata hatari hiyo kwenye bei. Kwa hiyo mkulima aliuza mti ambao haujakomaa, katika mwezi ambao bei ya shambani iko chini kabisa, kwa sababu ada haisubiri kiangazi.

Maamuzi ya awamu ya pili

Kiwanda kiliacha kugawa miche. Kikaanza kununua kwa kipenyo. Magogo yaligawanywa katika madaraja matatu kwa kipimo cha ncha nyembamba, na bei ya mita ya ujazo ikapanda daraja hadi daraja. Jedwali la bei liliandikwa kwa herufi kubwa na kubandikwa kwenye ofisi ya kijiji, na halikubadilishwa bila wiki mbili za taarifa. Magogo yalipimwa kando ya barabara, mwenye shamba akiwepo na nakala ya vipimo akibaki nayo.

Pamoja na hilo, kiwanda kilikubali kununua miti ya kupunguza, midogo kwa midogo. Huu ndio uamuzi uliobishaniwa zaidi, maana msumeno mkuu haukuwa na kazi na gogo la sentimita 12. Walinunua mashine ndogo ya mitumba ya kutengeneza mbao za paleti na fito za dari, kwa matarajio ya kurudisha gharama zake bila faida. Faida ilitarajiwa kwenye miti iliyobaki imesimama.

Jambo la tatu lilikuwa malipo ya awali ya Januari, kupitia chama cha wakulima wa miti cha kijiji. Mkulima aliyekubali shamba lake lipimwe angeweza kuchukua Januari hadi theluthi ya thamani iliyokadiriwa ya miti yake ya kupunguza. Miti hiyo ingekatwa Juni hadi Septemba, barabara zikiwa kavu, na salio kulipwa hapo. Hakukuwa na sharti la kukiuzia kiwanda miti mikubwa baadaye. Mhasibu alilipinga hilo kwa nguvu. Lakini kiwanda kilikuwa kimejifunza thamani ya sharti lisiloweza kusimamiwa, na kikaamua kushindana kwa bei na kwa uaminifu wa vipimo.

Ndani ya kiwanda kwenyewe kulifanyika kazi isiyo na mvuto lakini yenye faida ya haraka. Magogo yaliacha kulala uani wakati wa mvua, ambako ukungu wa bluu ulikuwa ukiyaingia na kushusha daraja la mbao. Misumeno ikanolewa kwa ratiba badala ya kusubiri mwendeshaji alalamike. Mabanzi, yale masalia ya ubavuni mwa gogo, yakawasha tanuri badala ya kuni za kununua.

Kilichotokea

Msimu wa kwanza walijitokeza wachache, wengi wao ndugu wa wafanyakazi wa kiwanda. Msimu wa pili wakaja waliowaona wa kwanza wakilipwa. Kufikia 2023 zaidi ya nusu ya magogo yalitoka kwa wakulima, msumeno ulifanya kazi siku tano kwa wiki, na mashamba yaliyopunguzwa yalikuwa yameanza kutoa magogo ya daraja la kati.

Haikuwa njia iliyonyooka. Msimu mmoja mteja mkubwa wa Dar es Salaam alichelewesha malipo, na kiwanda kikachelewa kuwalipa wakulima kwa wiki kadhaa. Habari ilivifikia vijiji vyote vinne kabla ya Jumapili. Madalali waliokuwa wamepotea walirudi, na kiwanda kilihitaji msimu mzima kurejesha imani hiyo. Katika kijiji kingine mpimaji wa chama alibainika kuwaandikia jamaa zake vipenyo vinono. Aliondolewa, na tangu hapo wapimaji ni wawili, mmoja wa chama na mmoja wa kiwanda, na kila mmoja ana daftari lake.

Moto ulipita pia. Ulianzia kwenye shamba la mtu wa mjini ambaye mlinzi wake alikuwa hajalipwa na hakuwa amesafisha barabara za kuzuia moto, ukala mashamba ya majirani waliokuwa wamefanya kila kitu sawasawa. Wenye mashamba wasiokaa kijijini ni pengo ambalo mpango huu haukulifikia: hawaji mikutanoni, si wanachama, na nyasi zao ni kiberiti cha wote.

Uchambuzi

Nianze na kile ninachokiona ndicho kiini. Mara nyingi husemwa kwamba mkulima anakata mti mchanga kwa kukosa elimu. Tuhesabu. Tuchukulie shamba la paina la miaka kumi ambalo ujazo wake utaongezeka mara mbili likisubiri miaka mitano zaidi. Hilo ni ongezeko la asilimia 15 hivi kwa mwaka. Kama bei ya mita ya ujazo ni ileile kwa mti mwembamba na mnene, asilimia 15 hiyo ndiyo yote anayopata kwa kusubiri, huku akibeba hatari ya moto, upepo na wezi. Mkopo wa mtu binafsi kijijini unaweza kufika asilimia 10 kwa mwezi. Mwenye mahitaji ya Januari anayekata sasa badala ya kukopa amefanya hesabu sahihi kabisa. Semina haibadilishi hesabu hiyo.

Inabadilishwa na bei. Tuseme magogo ya daraja la juu yanalipwa mara 1.6 ya yale membamba kwa mita ya ujazo. Shamba lilelile, kwa miaka ileile mitano, sasa thamani yake imeongezeka mara 3.2, karibu asilimia 26 kwa mwaka. Hapo kusubiri kunaanza kuwa na maana, mradi Januari ipatiwe jibu. Hatua mbili za kiwanda, jedwali la bei na malipo ya awali, zilihitajiana. Jedwali peke yake lingemsaidia mwenye mshahara wa mjini na kumwacha mjane. Malipo ya awali bila jedwali yangekuwa mkopo tu.

Je, kiwanda kinamudu kulipa tofauti hiyo? Kinamudu, na sababu iko kwenye gogo lenyewe. Gogo la futi 12, yaani mita 3.66, lenye kipenyo cha sentimita 15 lina mita za ujazo 0.065 hivi. Lenye urefu huohuo na kipenyo cha sentimita 30 lina 0.26. Kipenyo mara mbili, ujazo mara nne, lakini kulipandisha mezani, kuligeuza na kulipasua hakuchukui kazi mara nne. Gogo nene pia linatoa mbao nyingi zaidi kwa kila mita ya ujazo, kwa kuwa sehemu ndogo zaidi yake inakwenda kwenye mabanzi. Tena paina ya miaka minane karibu yote ni mbao changa, nyepesi, inayopinda ikikauka. Ukiiingiza kwenye tanuri unatoa mbao ambazo fundi samani wa Keko, Dar es Salaam, atazirudisha. Miaka yote ile kiwanda kilikuwa kinalipia tofauti hii gizani, kwa mbao zilizokataliwa. Jedwali lilihamisha fedha hiyo kutoka kwenye hasara kwenda kwa mkulima.

Kupunguza miti kulihitaji uangalifu ambao mwigaji asiuruke. Shamba lililobanana kupita miaka 12 hivi, miti mirefu kama fito na kijani kileleni tu, likifunguliwa ghafla upepo unaliangusha. Afisa misitu aliyakataa mashamba kadhaa ya namna hiyo na kushauri yavunwe yote, yapandwe upya kwa nafasi. Kukataa huko kulipunguza magogo ya mwaka huo na kuliongeza heshima yake vijijini. Wakulima waliona kwamba anayewashauri hatafuti gogo tu.

Kuhusu miche ya bure, sisemi miche haina thamani. Mbegu bora ni msingi wa kila kitu, na mashamba mengi ya paina yaliyopinda ni matokeo ya mbegu zilizookotwa chini ya mti wowote uliokuwa karibu. Lakini hapa mche ulitumiwa kununua ahadi ya miaka 15, na ahadi ya namna hiyo haidumu ikiwa kila Desemba inakutana na ada ya shule. Kiwanda sasa kinauza miche kwa bei nafuu, bila karatasi ya kusaini, na anayenunua anapanda kwa nafasi zinazoshauriwa kwa sababu ameliona jedwali.

Naiona pia nafasi ya vinia kwa jicho tofauti na la wenye kiwanda. Mwanzoni walimwita mmenyaji adui. Lakini mnunuzi wa gogo jembamba ni rafiki wa kupunguza miti, ikiwa atachukua miti inayotakiwa kutoka na kuacha inayotakiwa kubaki. Msimu wa mwisho niliofuatilia, baadhi ya magogo ya kupunguza yaliuzwa na chama moja kwa moja kwa kiwanda cha vinia, kwa bei iliyozidi ya paleti. Ile mashine ndogo ya mitumba ilifanya kazi nusu tu ya msimu, na hakuna aliyelalamika.

Yapo mawili ambayo bado hayajapata jibu. La kwanza ni mtaji wa malipo ya Januari. Kiwanda kinatoa fedha miezi sita kabla ya kupata gogo, kwa mkopo wa benki wenye riba, na kinaweza kufanya hivyo kwa vijiji vinne tu. Kijiji cha tano kimeomba mara mbili. Tangu ule ucheleweshaji, fedha za magogo hukaa kwenye akaunti yake peke yake na haziguswi kwa mishahara wala dizeli. Nidhamu hiyo imerudisha imani, lakini imepunguza zaidi kiasi kinachobaki kwa ajili ya upanuzi.

La pili ni parachichi. Njombe na maeneo jirani wakulima wanakata paina na kupanda miparachichi, ambayo ya kupandikiza huanza kuzaa baada ya miaka mitatu au minne na kuendelea kuleta fedha kila msimu. Jedwali la bei linamshawishi mkulima asubiri mti uliokwisha kupandwa. Halimshawishi kupanda mwingine akishavuna. Katika vijiji hivi vinne, ardhi tambarare iliyo karibu na barabara inaondoka kwenye miti, na paina inabaki kwenye miteremko, ambako kukata na kuvuta gogo ni ghali zaidi. Afisa misitu ameanza kuchora ramani ya mashamba yaliyovunwa na kilichopandwa baada ya hapo, ili bei ya daraja la juu ihesabiwe upya na gharama ya miteremko ikiwa ndani yake.